Maporomoko ya maji kwa mguu na baiskeli kutoka Dar: nianzie wapi na kijana wangu?

Mwalimu wa Kinyerezi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu.

Kijana wangu yuko kidato cha kwanza. Jumapili nyingi mimi na yeye tunapanda baiskeli kutoka Kinyerezi hadi Pugu, tunapita njia za pembeni mwa msitu wa Kazimzumbwi, tunatokea Kisarawe, tunakula mihogo, tunarudi. Vile vilima ameshavizoea. Sasa kwenye kitabu chake cha jiografia kuna picha ya maporomoko ya maji, naye akaniuliza: baba, ya karibu na sisi yako wapi, na tunaweza kwenda na baiskeli zetu?

Nimemwahidi kwamba shule zikifungwa mwezi wa sita tutakwenda. Natafuta safari ya siku tatu hivi. Sitaki ile ya kushuka kwenye gari, kupiga picha na kugeuza. Nataka atembee msituni, atoke jasho, ayasikie maji kabla ya kuyaona. Bajeti ni ya mwalimu, kwa hiyo hoteli za kitalii sizungumzii. Baiskeli zetu ni za mtumba, zote za gia. Gari sina.

Naomba aliyefika mwenyewe anieleze njia ikoje, baiskeli inaishia wapi, na mtoto akifika kwenye maji nimchunge vipi.

Kijana wa Goba

Mkuu, nenda Materuni, Moshi. Maji yanaanguka kutoka juu kabisa, ukimaliza unakunywa kahawa ya Wachaga waliyoitwanga mbele yako. Kwa Pugu usihangaike, kule kuna machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, yenye mapango na popo, maporomoko hakuna.

Fundi Spoki

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi, na kama sivyo basi habari ya kazi.

Materuni ni pazuri, sipingi. Ila kwa mtu wa Dar mwenye siku tatu, siku moja inaishia barabarani kwenda na nyingine kurudi. Mlima wako uko Morogoro. Mimi ni fundi baiskeli hapa Tabata, kwetu ni Mgeta, nyuma ya milima ya Uluguru. Nimekulia kwenye njia hizo, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Kwanza mwambie kijana jambo moja kabla hamjaondoka. Maji mnayochota bombani hapa Dar, sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, yanavutwa Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo. Na Ruvu unazaliwa Uluguru. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unapita juu ya vichwa vyetu hapa mjini, unakwenda kugonga ile milima, unalazimika kupanda, unapoa, mvua inashuka. Ndiyo maana upande wa mashariki wa Uluguru kuna sehemu zinapata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, wakati Morogoro mjini, upande wa pili wa mlima uleule, hawafikii hata nusu ya hizo. Mto wa kwetu, Mgeta, unashuka magharibi, unazunguka kusini mwa milima na kuingia Ruvu. Mnakumbuka mgawo wa maji wa mwishoni mwa mwaka 2022? Ruvu ulikuwa umeshuka. Sisi wa Mgeta tukiona vijito vya juu vimekonda, tunajua Dar mtalia baada ya muda. Mtoto akisimama chini ya maporomoko akijua kwamba maji hayo yana safari ya kuja Kinyerezi, atayatazama kwa jicho lingine. Hilo kwangu ni kubwa kuliko urefu wa maporomoko yenyewe.

Sasa njia. Kutoka Dar kwenda Morogoro una mabasi ya Mbezi, Stendi ya Magufuli, na una treni ya umeme ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Treni ni raha, chini ya saa mbili umefika, lakini kwa safari yenye baiskeli mimi natumia basi. Nafungua tairi la mbele, nageuza usukani ulale sambamba na fremu, nafunga vyote kwa mpira, nalaza kwenye buti upande wa cheni ukiwa juu. Upande wa cheni usiulaze chini hata siku moja. Kile kiderela cha nyuma, kinachohamisha cheni kwenye gia, kikigandamizwa na gunia la mtu kinapinda, na ukianza kupanda mlima gia zinarukaruka. Elewana na konda bei ya mzigo kabla hajafunga buti.

Siku ya kwanza laleni Morogoro mjini. Nyumba za wageni za bei ya kawaida ziko nyingi. Kama mmefika mapema, kuna maporomoko ya Choma, hapo juu ya mji kwenye mteremko wa mlima Lupanga. Hayo ni ya mguu, baiskeli ziacheni gesti. Mnapanda katikati ya migomba na mashamba ya watu, njia ni kali, mnapishana na kina mama wanaoshusha ndizi na mboga kichwani kuja sokoni. Mpisheni mwenye mzigo, kaeni upande wa mlima, yeye hawezi kusimama akageuka. Kwa kijana wa umri huo ni nusu siku kwenda na kurudi. Chukueni mtu wa pale awaongoze, mkubaliane bei kabla, maana njia zinagawanyika mno na kila moja inakwenda shambani kwa mtu.

Siku ya pili ndiyo ya Hululu. Haya ndiyo ya kwetu, kule Mgeta, karibu na kijiji cha Bunduki, yanaanguka mita kama 40. Kutoka Morogoro mnafuata barabara ya Iringa mpaka Sangasanga, hapo mnaacha lami kuu, mnakata kushoto kwenda Mlali, na baada ya Mlali ndipo mlima unapoanza. Ushauri wangu: msipande na baiskeli kutoka mjini. Pakieni kwenye gari la Mgeta, baiskeli zinafungwa kwenye keria juu, mshukie kule juu. Barabara ya Iringa ina malori ya kwenda Zambia na Kongo usiku na mchana, na mtoto hana la kufanya pale. Baiskeli zianze kazi mkishafika milimani, kijiji hadi kijiji, hewa safi, magari ya kuhesabu.

Mtakuta kitu ambacho hapa Dar hakuna: baridi. Mwezi wa sita na wa saba watu wa Mgeta wanavaa masweta na makoti mchana kweupe. Milima yote imekatwa matuta ya ngazi, kabichi, karoti, njegere, viazi, mboga mnazonunua Ilala na Kariakoo nyingi zimelala pale usiku mmoja uliopita. Ndiyo maana natahadharisha: Fuso zilizojaa kabichi zinashuka alfajiri na jioni, na kwenye kona dereva hawezi kuwaona. Kila kona ya upofu shukeni, kokoteni, piga kengele. Msiendeshe usiku.

Kutoka mnapoacha baiskeli hadi Hululu ni mguu. Pitieni ofisi ya kijiji, jiandikisheni, mpewe kijana wa kuwaongoza, hela yake mpeni yeye mkononi na ya kijiji mkate risiti. Mkitaka kwenda juu zaidi, kuingia kwenye msitu wenyewe wa hifadhi asilia kuelekea uwanda wa juu wa Lukwangule, hapo ni TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, kibali kinatafutwa Morogoro mjini kabla hamjapanda, na malipo ni kwa namba ya malipo, hawapokei fedha mkononi. Kwa safari ya kwanza na mtoto, Hululu inatosha.

Mambo ya breki nitaandika kesho, ni marefu na sitaki kuyapitia juujuu. Sasa hivi kuna mteja amesimama na baiskeli ya mkaa.

Dada wa Kimara

Kaka Mwalimu, mimi nitakuongezea Sanje, Udzungwa, kwa sababu nilikwenda na kwaya yetu na hakuna aliyerudi akiwa yuleyule.

Sanje jumla ni mita 170, yanashuka kwa hatua tatu kutoka kwenye ukingo wa milima kuelekea bonde la Kilombero. Ukiwa bado barabarani, kabla hujaingia hifadhini, unayaona kwa mbali, mstari mweupe kwenye kijani. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ndani yake hakuna barabara ya magari, kila kitu ni mguu, kwa hiyo baiskeli utaziacha nje. Kutoka Morogoro unakwenda Mikumi mjini, unakata kushoto, unapita Kidatu kwenye mashamba ya miwa, mpaka Mang'ula palipo lango. Njia ya kwenda Sanje inaanzia kijiji cha Sanje chenyewe, kabla hujafika Mang'ula. Unatembea na askari au mwongozo wa hifadhi. Sisi ilituchukua karibu saa nne kupanda na kushuka, na tulikuwa na watu wazima wenye magoti yao, tukapumzika mara nyingi.

Nakuambia tulivyosikia. Tukiwa katikati ya msitu, mwongozo akanyanyua mkono, wote kimya. Juu ya miti kukatoka sauti, kama mtu anaita kutoka bonde la pili. Akatuambia huyo ni nyani wa Sanje, mangabei, hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii, na wanasayansi hawakuwa wakimjua mpaka mwaka 1979. Wenyeji walikuwa na jina lake siku zote. Pia tuliona mbega wekundu, kundi zima, mama mmoja kabeba mtoto tumboni na huku anaruka. Wazee wa kwaya walisahau uchovu.

Mtanzania analipa kwa shilingi na ni bei ya kawaida kabisa, beba kitambulisho. Kwa mtu wa darasani kama wewe ningesema panga Sanje kwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili au mwakani, ukiwa na siku nne. Na tafadhali, usijaribu kwenda kule kwa baiskeli kutoka Morogoro. Ile barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, kuna tembo, nyati na simba, wanavuka wanapotaka.

Mbondei wa Temeke

Nami niwatetee kwetu. Kama mtoto anapenda baiskeli kweli, basi ni Amani, Muheza. Amani ndiyo hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, 1997. Pale Zigi kuna nyumba ya stesheni ya zamani ya Mjerumani, kutoka hapo barabara ya udongo inapanda kwa kona msituni hadi Amani, baiskeli inafaa, kivuli muda wote. Juu mnaingia kwenye mashamba ya chai, mnazunguka vijiji, na kuna njia ya mguu kwenda maporomoko ya Derema. Mto Zigi ndio unaolisha Tanga mjini maji kupitia bwawa la Mabayani, kwa hiyo maneno ya Fundi kuhusu Ruvu kwetu pia yapo. Yale maua madogo ya zambarau ambayo Wazungu wanayaweka madirishani asili yake ni Usambara, mwongozo atawaonyesha kwenye miamba yenye unyevu. Ila Muheza ni mbali kuliko Morogoro, hilo siwezi kulificha.

Mwalimu wa Kinyerezi

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Dada wa Kimara, hiyo ya mangabei nimemsomea kijana, amenyamaza, halafu akaomba nimsomee tena. Sanje tumeiweka kwa Desemba kama Mungu akipenda. Mbondei, Amani iko kwenye daftari.

Fundi, tumekubaliana Uluguru, Choma na Hululu. Lakini mama yake ana hofu mbili, nami nazikubali. Ya kwanza ni miteremko. Hapa Pugu tunashuka kilima dakika moja kimekwisha, kule unasema barabara inashuka muda mrefu. Ya pili ni maji. Kijana anajua kuogelea, amejifunza baharini Kigamboni, na hiyo ndiyo inayomtisha mama yake zaidi, kwamba atajiamini. Naomba ufafanue.

Fundi Spoki

Mama yake ana macho. Mwambie namshukuru kwa kuuliza.

Nianze na breki. Baiskeli za mtumba zinakuja Dar kutoka nchi tofauti, na hapa ndipo ajali nyingi zinapozaliwa bila mtu kujua sababu. Zilizotoka Japani na Uingereza, breki ya mbele mara nyingi iko mkono wa kulia. Zilizotoka Ujerumani na Uholanzi, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Kuna za Kiholanzi hata breki ya nyuma haina mkono, unakanyaga pedali kinyumenyume. Sasa baba ana ya Japani, mtoto ana ya Ujerumani, siku moja wanabadilishana kwa dakika tano tu kwenye mteremko. Mtoto anabana kwa nguvu mkono aliozoea kuwa ni wa nyuma, kumbe ni wa mbele, anapita juu ya usukani. Mwalimu, leo jioni simama kando ya kila baiskeli, bana mkono mmoja, sukuma mbele, angalia tairi gani limegoma. Kama zinatofautiana, lete nibadilishe waya, ni kazi ya muda mfupi, ziwe sawa zote mbili.

Mteremko mrefu una tabia yake. Mtu akishika breki mfululizo kutoka juu mpaka chini, mpira unasugua rimu bila kupumzika, rimu inapata moto kama pasi ya mkaa, na moto huo unaingia kwenye tyubu. Kiraka cha zamani kinaachia, au tyubu inapasuka kabisa, na tairi la mbele likiishiwa upepo kwenye kona hakuna ufundi wa kukuokoa. Kwa hiyo mnashuka kwa vipande. Bana na kuachia, bana na kuachia, mbele kidogo na nyuma kidogo kwa pamoja, makalio yakae nyuma ya siti. Kila baada ya kona kadhaa simameni kabisa. Shusha miguu, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ukihisi joto linakupiga, kaeni, kunyweni maji, tazameni mashamba, hamna haraka. Kama breki zenu ni za diski ni hivyohivyo, ila diski usiiguse hata kwa utani, inababua.

Mpira wa breki uliobaki mwembamba hauendi Mgeta. Ule mchanga mwekundu ukichanganyika na maji unakula mpira wa breki kwa siku moja kuliko Dar kwa mwezi. Bebeni jozi ya akiba, tyubu mbili, viraka, solusheni, pampu, kipande cha cheni na kifungulio chake. Mafundi kule wapo na ni wazuri, lakini baiskeli zao ni za gia moja, za kubebea mizigo, spea za gia hawana. Upepo wa tairi punguzeni kidogo kuliko mnavyojaza kwa lami ya Kinyerezi, tairi litang'ata kokoto vizuri zaidi. Kofia ngumu avae tangu anapanda mpaka anashuka, na wewe baba uvae pia, vinginevyo hatakusikia.

Na nani atangulie? Kupanda, yeye mbele, mwendo uwe wake. Kushuka, wewe mbele na yeye nyuma kwa umbali mkubwa, na mkubaliane kabisa kwamba hakupiti.

Sasa maji. Hapa naomba anisikilize kijana mwenyewe, msomee.

Mwanangu, bahari uliyoizoea inakubeba. Maji ya chumvi ni mazito, unaelea hata ukilegea. Maji ya mto ni mepesi, na chini ya maporomoko yamechanganyika na hewa, lile povu jeupe, ni mepesi zaidi, hayakushikilii. Halafu pale yanapotua hayaendi mbele moja kwa moja, yanazunguka chini na kurudi, yanamvuta mtu kwenye mwamba. Muogeleaji hodari anaweza kupigana hapo mpaka nguvu zikaisha. Tena maji hayashuki peke yake. Jiwe la ngumi likitoka mita 40 juu, au kipande cha tawi, hulisikii kwa ajili ya kelele. Kwa hiyo chini kabisa ya maporomoko hakuogelewi. Mnashuka kidogo na mto, mpaka mahali maji yametulia na unaona mawe ya chini, mwongozo aseme panafaa, na unaingia baba akiwa ndani ya maji tayari. Kuruka kutoka juu ya jiwe hapana. Kisima unachokiona kirefu leo, mvua ya wiki iliyopita inaweza kuwa imeviringisha jiwe ndani.

Mawe yenye utelezi wa kijani usiyakanyage hata kama yanaonekana makavu. Tembea juu ya mawe ya kijivu, yenye mikwaruzo, miguu mitatu daima, yaani mikono miwili na mguu mmoja, au mguu na mguu na mkono. Na juu ya maporomoko, pale maji yanapoanzia kuanguka, usiende kabisa. Hakuna picha ya kule inayostahili. Waliopotea kwenye mito ya milimani, wengi nilioelezwa na wazee waliteleza juu, hawakuzama chini.

Baba mtu, hili ni lako. Mto wa mlimani unapokea mvua usiyoiona. Jua linaweza kuwaka mlipokaa huku Lukwangule juu kumefunga wingu jeusi na kunanyesha. Maji hayo yanawafikia baadaye kidogo, yote kwa pamoja. Dalili zake ni hizi nilizofundishwa na marehemu babu: maji yanabadilika rangi, yanaanza kuwa ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinavyoelea vinaongezeka ghafla, na sauti inashuka, inakuwa nzito, unaihisi kifuani. Ukiona moja tu kati ya hizo, msikusanye nguo, msikusanye viatu, pandeni ukingoni, juu, mbali na maji, halafu ndipo muulizane. Mwezi wa sita masika yameshaisha, njia zinakuwa zimekauka na maji bado ni mengi, ndiyo maana nasema ni wakati mzuri. Lakini milima yetu haifuati kalenda, kwa hiyo angalieni juu kila mara. Kama asubuhi mwongozo anasema leo tusishuke mtoni, msimbembeleze wala msimwongezee hela.

Madogo ya kumalizia. Siafu wakiwa njiani wanavuka, rukeni kwa kasi, msisimame kuwatazama. Suruali ndefu na soksi juu ya suruali, jioni mkaguane kupe nyuma ya magoti na kwapani. Kule juu maji yanakwenda kasi na ni ya baridi, kichocho si hofu kubwa, ila mkirudi mabondeni msiogelee kwenye maji yaliyotuama. Maji ya kunywa chemsheni, na msichote kwenye vijito vilivyo chini ya mashamba, maana dawa za mboga zinapigwa na kuchemsha hakuziondoi.

Kijana wa Goba

Fundi, hapo kwenye mkono wa breki umeniokoa. Nimetoka kuangalia yangu sasa hivi, ya mbele iko kushoto, na ya mdogo wangu iko kulia. Tumekuwa tukibadilishana mwaka mzima.

Dada wa Kimara

Swali kwa Fundi, kwa faida ya kina mama: mtu asiyejua baiskeli, anayetembea tu, anaweza kufika Hululu na kurudi bila kulala Mgeta?

Fundi Spoki

Dada, anaweza kama ataondoka Morogoro na gari la alfajiri kabisa, lakini simshauri. Magari ya kurudi jioni hayana uhakika, na mtu anayeogopa kuachwa na gari anakimbia kwenye njia ya mawe. Lala usiku mmoja. Kuna nyumba za wageni ndogo, na chakula kipo, ugali wa moto, maharage, njegere mbichi zilizopikwa siku hiyohiyo zilipochumwa. Kijiji cha Nyandira, hukohuko Mgeta, kuna mbuzi wa maziwa, aina iliyoletwa na Chuo Kikuu cha Sokoine kutoka Norwe miaka ya themanini, mkiamka asubuhi ombeni chai ya maziwa hayo. Nanyi kina mama mkienda kundi, mwambieni mwenyekiti wa kitongoji mapema, atawatafutia mama wa kuwaongoza. Kina mama wa kwetu wanazijua hizo njia kuliko vijana, wamezipita na mizigo tangu utotoni. Na ardhi kwa Waluguru inafuata ukoo wa mama, kwa hiyo mkipita shambani salamu mpeni mama mwenye shamba.

Mwalimu wa Kinyerezi

Fundi, nimemsomea yote. Ile ya miguu mitatu ameniomba tukaijaribu kwanza kwenye mawe ya ufukwe wa Coco. Mama yake ameridhika kwa sharti kwamba sehemu ya maji niichapishe, niibebe mfukoni.

Mpango ni huu: Alhamisi basi hadi Morogoro, mchana Choma kwa mguu. Ijumaa gari la asubuhi hadi Mgeta na baiskeli juu ya keria, kulala huko. Jumamosi asubuhi Hululu, halafu tunarudi. Kinachonisumbua ni kama tushuke kwa baiskeli kutoka Mgeta mpaka Mlali au turudi kwa gari.

Fundi Spoki

Jumamosi jioni Fuso zinashuka na mzigo wa soko la Jumapili. Rudini kwa gari. Kama mnataka ladha ya kushuka, Ijumaa mchana mkishafika pandeni na gari mpaka kijiji cha juu zaidi, mteremke kwa baiskeli kurudi mnapolala, barabara ikiwa tupu na jua bado lipo. Hapo mtajaribu breki zenu kwa raha.

Baiskeli nileteeni zote mbili wiki moja kabla, siyo siku moja kabla, ili kama nimebadilisha waya na mpira wa breki muwe na Jumapili ya kuzijaribu Pugu. Kijana aje naye. Nataka yeye mwenyewe afungue tairi la mbele na kulirudisha mbele yangu, mpaka aweze bila kuangaliwa.